Kumwombea Baba Njia Kalundu

Nilikwenda Uvira kwa sababu baba yangu alishindwa kufa. Ndugu wasomaji wa Bukavu mtanisamehe kwa kuanza hivyo, lakini nyumbani kwetu Nguba tulikuwa tumeshazoea kulitamka neno hilo bila kushtuka. Daktari alikuwa amekunja vyombo vyake na kusema moyo umekwisha. Padri alikuwa amempaka mafuta ya wagonjwa, akarudi baada ya muda kutuombolezea, akamkuta vilevile, akatikisa kichwa na kusema Mungu ana saa yake. Baba, mzee Mugaruka, alikaa mchana kutwa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, mkono wa kuume ameuinua kama aliyeshika kamba itokayo darini. Kila aliyeingia chumbani alimwuliza swali lilelile: "Mbele banashajibu?"

Baba alikuwa mashinisti, yaani mwendesha treni. Vijana wengi wa leo hawajui kwamba Kivu yetu iliwahi kuwa na treni. Njia yake ilianzia bandari ya Kalundu, pale Uvira, ikakata bonde la Ruzizi hadi Kamanyola chini ya milima. Hapo mizigo ilihamia kwenye malori na kupanda Bukavu. Reli ziling'olewa kabla ya uhuru. Baba naye akapanda Bukavu kama mzigo wa mwisho, akawa dereva wa lori, akazeeka, na katika miaka hii ya Zaïre hakuna aliyemwita mashinisti tena.

Hakutusimulia kitu. Maneno tu ndiyo yaliyobaki. Maji ya moto ya kuoga tuliyaita "chai ya nyama", kwa sababu nyama ilikuwa injini, na wao waliogea maji yaliyotoka tumboni mwake. Mtoto aliyechelewa mezani aliambiwa "amelala mlangoni", kama treni inayongoja nje ya stesheni. Faida, mdogo wetu wa mwisho, aliitwa Mukia, yaani mkia, behewa la mwisho. Tulikua tukidhani hiyo ni lugha ya kwao baba, Mumosho, mpaka shangazi mmoja wa Mumosho alipotuuliza tumeokota wapi maneno hayo ya ajabu.

Ugonjwa ulipomzidi, maneno yakamrudia yote. Siku moja alimwambia Faida, "Tia chumvi, magurudumu inateleza." Faida akatia chumvi kwenye uji, mzee akautema. Baadaye ndipo nilipojua kwamba chumvi ilikuwa mchanga waliomwaga juu ya reli ili magurudumu yashike. Swali lake la mbele tulilijibu kwa upole: ndiyo papa, wameshajibu, lala sasa. Alitutazama kwa huruma, kama mtu anayeongea na wageni. "Weye haiko mutu ya njia," alimwambia kila mmoja wetu. Kisha asubuhi moja akataja jina: Masudi, wa kofia nyekundu, wa Kalundu.

Faida alinivuta jikoni. Macho yake yalikuwa yamezama, maana baba hakulala na yeye hakulala. Akaniambia niende nimtafute huyo Masudi, yeye atabaki na mzee. Mimi ni dactylo, mpiga chapa, katika ofisi moja ya Ibanda. Mkubwa wangu, ambaye hutuita citoyenne hata anapotunyima kitu, safari hii hakuninyima. Sikutaka kwenda. Niliogopa kurudi na kukuta ameshaondoka, na niliogopa zaidi kurudi nimeshika kile alichokuwa anakitafuta.

Asubuhi, sokoni Kadutu. Nilipata lori la mfanyabiashara aliyekuwa anapeleka maharagwe Uvira ili arudi na chumvi. Dereva, mtu wa maneno mengi, alinipa nafasi mbele karibu naye. Alisema maman wa ofisi akikaa juu ya magunia, maharagwe yataona haya. Tukatoka mjini kukiwa bado na ukungu juu ya ziwa, tukapita mashamba ya Nyangezi ambako wanawake walikuwa wameshainama kulima. Hadi hapo ilikuwa safari kama safari nyingine.

Juu ya Ngomo lori lilisimama. Anayeijua barabara ile anajua kwamba ni nyembamba, imeng'ang'ania ubavu wa mlima, na magari ya kushuka na ya kupanda hupokezana. Mlinzi alikuwa ameshusha mti wa kizuizi. Dereva akazima injini, akafunua ndizi zake.

"Tunangoja ba chini bajibu," akasema.

Nikamwuliza neno hilo amelitoa wapi. Akaniangalia akitafuna, akauliza neno gani, mbona kila mtu wa barabara hii husema hivyo, hata baba yake alikuwa anasema. Chini yetu bonde lilikuwa jeupe kwa joto, na Ruzizi ilijipinda katikati yake bila sauti. Mlinzi alisimama ameelekeza sikio chini, na alipoinua mti sikuwa nimesikia kitu chochote.

Kamanyola, jua likiwa utosini. Lori lilisimama mbele ya nyumba ndefu ya matofali yenye baraza iliyoinuka kupita kiasi, baraza ambayo mtu mzima hawezi kuipanda bila kushika kitu. Nilielewa kwamba ni stesheni. Ua wake ulizungushiwa mataruma, vile vyuma ambavyo zamani vilibeba reli, sasa vimesimamishwa kama nguzo. Mbele ya baraza palipita ukanda wa ardhi tupu, umenyooka hadi macho yanapochoka. Kila upande watu wamejenga, wamelima mahindi, wamefunga mbuzi. Juu ya ukanda ule hapakuwa na nyumba wala shina la muhindi. Mwanamke mwenye beseni kichwani alifika ukingoni mwake, akasimama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akavuka. Nyuma yake alikuja msichana wa shule, akafanya vivyo hivyo. Huyo alizaliwa reli zikiwa zimeshasahauliwa. Nilipovuka mimi niligundua kwamba nami nimeangalia pande zote mbili.

Katika chumba kilichokuwa cha kukatia tiketi, Maman Nyota alikuwa anapika bukari, ugali wetu, na samaki kwa wasafiri. Ni mama mnene, mcheshi, alinitania kwamba watu wa Bukavu wanakula kama wanamsikiliza askofu. Nilipomwambia mimi ni binti wa nani na ninakwenda kwa nani, kicheko kilimwisha. Alifuta mikono, akanishika mkono, akanipeleka chumba cha nyuma.

Mumewe, Papa Kashindi, alikuwa amelala chali. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika chuma cha kitanda kichwani pake, na alikuwa anajaribu kukizungusha, polepole, kwa nguvu zote za mtu asiye na nguvu. Kitanda kilikuwa kinalia. Maman Nyota alinieleza kwamba mumewe alikuwa mtu wa mkia, yule anayekaa behewa la mwisho na kuzungusha gurudumu la breki. Amelala hivi tangu mvua zilizopita. Hapokei ila maji, na haulizi ila kitu kimoja.

"Anauliza mbele, anauliza mbele," akasema. "Ba docteur banachoka, na miye nachoka. Maman, ukipata jibu ya papa yako, umuombee na huyu wangu."

Nilimwahidi. Ahadi ni rahisi mtu akiwa ametoka kula samaki wa mwenye shida. Papa Kashindi alifungua macho nilipokuwa natoka, akanitazama viatu, si uso.

Alasiri tulipita Luvungi na Sange, kisha miwa ya Kiliba pande zote. Mara kwa mara ule ukanda mtupu ulitokea upande mmoja wa barabara, ukatufuata kidogo, ukapotea vichakani, ukatokea upande wa pili. Dereva hakuwa anauangalia. Aliimba nyimbo za Kilingala na kupiga usukani. Mimi niliacha kuangalia dirishani baada ya kuona kwamba kila ulipotukaribia naye alipunguza mwendo, bila kukatiza wimbo.

Uvira nililala kwa masista. Siku ya pili, kabla joto halijapanda, nilimkuta Papa Masudi huko Kalundu, kibarazani kwake, anatengeneza saa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari ndefu. Yeye aliweka chini kibisibisi, akaniuliza swali moja tu, kama baba ameshavaa viatu. Nikasema amevaa. Akauliza kama anavivua usiku. Nikasema havivui.

"Basi iko karibu," akasema, akarudi kwenye saa yake.

Alinieleza kidogo kidogo huku anafanya kazi. Njia yao ilikuwa moja tu, treni haziwezi kupishana popote isipokuwa stesheni. Kwa hiyo mashinisti haondoki kabla stesheni ya mbele haijajibu kwamba njia iko wazi. Kuondoka bila jibu lilikuwa kosa ambalo halikuwa na msamaha, hata mzungu alifukuzwa kwa ajili yake. Wakazeeka na desturi hiyo mwilini. Mtu wa njia akiona mwisho wake, huomba njia, na yeye Masudi, chef de gare, mkuu wa stesheni ya Kalundu, ndiye anayeomba kwa niaba ya wote, kwa sababu Kalundu ndiyo stesheni ya mwisho. Wengi ameshawaombea.

"Na mbele ya Kalundu iko nini, papa?" nikamwuliza.

"Ziwa."

"Na mbele ya ziwa?"

"Benzetu."

Nikamtajia majina yote mawili, Mugaruka wa Bukavu na Kashindi wa Kamanyola, nikasema nimetumwa na wote. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa mizigo.

Mchana, watu wakiwa wamekimbilia vivulini, alinipeleka ukingoni mwa bandari. Meli haikuwapo, mashine za kupakulia zimelala, hata bata wa masista wangefanya kelele kuliko mahali pale. Katikati ya majani palikuwa na kipande cha reli kilichobaki kwenye saruji, hakifiki urefu wa kitanda, kila upande kimekatwa. Papa Masudi alitoa mfukoni kofia nyekundu iliyochujuka mpaka ikawa rangi ya tofali, akaivaa, akainama kwa shida, akagonga reli kwa jiwe. Aligonga kwa mpangilio, akanyamaza, akagonga tena. Kisha akaniambia niweke mkono.

Nilitegemea kuungua, maana jua la Uvira halina mzaha. Chuma kilikuwa cha baridi. Tukakaa hivyo. Mgongo uliniuma, nikaanza kujiona mjinga, mwanamke mzima wa ofisi amepiga magoti majanini kushika chuma kibovu. Nikataka kucheka. Hapo ndipo kitu kilipopita ndani yake. Kilikuwa kidogo mwanzoni, kama paka anavyounguruma, kisha kikapanda mpaka kiwiko changu, mpaka kwenye meno. Kokoto iliyokuwa juu ya reli ilitetemeka, ikaanguka. Nilitoa mkono. Nililia kwa woga, sioni sababu ya kuficha.

Papa Masudi alivua kofia.

"Banajibu," akasema. "Jibu ni moja. Ya treni moja."

Nikamkumbusha kwamba nilikuja kwa ajili ya watu wawili. Akarudia kwamba jibu ni moja, kwa sauti ya mkubwa wa kazi ambaye hapendi kuulizwa mara mbili. Akaniagiza nisilitoe njiani kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa anayelingoja. Halafu akaniaga, akatembea kurudi kwenye saa zake, mdogo sana ndani ya koti lake.

Kesho yake nilirudi na lori lilelile, na njiani niliiwaza ile ahadi ya Maman Nyota. Nilikuwa na jibu moja, na wazee wawili. Nilijiambia damu ni nzito kuliko maji, kwamba nimetoka Bukavu kwa ajili ya baba yangu, kwamba Kashindi ana mke wake wa kumhangaikia. Nilimwomba dereva tusisimame Kamanyola, nikasingizia tumbo. Alikubali, akasema hata yeye anataka kupanda Ngomo mapema.

Kamanyola wanajeshi walitusimamisha. Kizuizi chao kilikuwa mita chache kupita stesheni, na mbele yetu palikuwa na magari mengine, kwa hiyo lori letu likasimama sawasawa na ile baraza ndefu. Papa Kashindi alikuwa amekaa ukingoni mwake. Alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa viatu. Maman Nyota alisimama nyuma yake na kitambaa mkononi, uso umemwishia damu, baadaye akaniambia kwamba mzee aliinuka peke yake na kusema treni inaingia. Baraza ile ilikuwa sawa na dirisha la lori. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi cha kumsikia akipumua.

"Mbele banashajibu?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshapanga kusema bado. Neno bado ni fupi, linatoka kirahisi. Lakini yule mzee alinitazama kama alivyokuwa ananitazama baba, na kwa mtu anayekutazama hivyo huwezi kudanganya.

"Banashajibu, papa."

Alishukuru kwa kichwa. Akainua mikono miwili mbele ya kifua, akaizungusha kuelekea kushoto, taratibu, kama anayefungua kitu kilichokazwa muda mrefu, mpaka mikono ikawa haina tena cha kufungua. Akaegemea ukuta. Maman Nyota aliinama, akamwita, akamgusa shavu, kisha akakaa chini karibu naye, akamshika bega asianguke. Wanajeshi wenyewe walivua kofia zao. Maman Nyota alinitazama akasema asante, maman, Mungu akulipe, na shukrani hiyo iliniumiza kuliko tusi.

Tulipanda Ngomo jua likianza kulegea. Nililia mpaka dereva akaacha nyimbo zake. Jibu lilikuwa moja, nami nilikuwa nimeshalitoa. Baba atabaki ukingoni mwa kitanda, mkono juu, na Masudi wa kumwombea tena sijui kama ataishi hadi mwezi ujao. Halafu, mahali fulani kwenye kona za mlima, niligundua kitu chini ya machozi yangu. Nilikuwa nimefurahi. Sina kitu cha kumpelekea, basi hataondoka. Atakuwapo kesho na kesho kutwa, nitamkuta pale na viatu vyake. Furaha hiyo ilinitia joto hadi Nyangezi, na sikuweza kuizima.

Nguba tulifika ziwa bado lina mwanga. Faida alinifungulia mlango, akaniongoza chumbani. Baba alikuwa palepale. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa kuchoka, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi ulivyokonda, ngozi na mfupa, ukishikilia hewa. Ile furaha yangu ya njiani ikaniaibisha. Nilipiga magoti mbele yake kabla hajauliza, nikamweleza kweli yote. Kwamba nilimwona Masudi. Kwamba jibu lilikuja, moja tu, la treni moja. Kwamba nilipofika Kamanyola nililitoa kwa mtu mwingine, kwa Kashindi, na Kashindi ameondoka nalo.

Baba akatabasamu, na meno yake machache yakaonekana.

"Kashindi anashapanda?"

"Anashapanda, papa. Leo."

"Kashindi ni mutu ya mukia yangu," akasema. "Miaka yote. Treni haitoke kama mukia haiyapanda. Anashafungua frein?"

Nikakumbuka ile mikono ikifungua breki mbele ya kifua. Nikaitikia kwa kichwa. Faida alikuwa ameelewa kabla yangu, maana nilisikia amekaa chini nyuma yangu kwa kishindo. Wale walikuwa treni moja, mmoja mbele na mmoja nyuma, na jibu lilikuwa lao wote wawili tangu Kalundu. Nilikuwa nimemletea.

Sasa alikuwa anangoja nilitamke mimi. Nilimtazama usoni, nikasema, "Njia iko wazi, papa. Enda mbio muzuri."

Alivuta mkono chini, mara moja, kwa nguvu, kama mashinisti anayevuta kamba ya honi. Mimi sikusikia kitu. Faida anaapa hadi leo kwamba vioo vya dirisha vililia. Halafu baba alijilaza mwenyewe, bila kusaidiwa, na viatu vyake vichafu juu ya shuka safi. Alipumua kwa mpangilio, polepole, kisha haraka zaidi, kisha haraka zaidi. Hatukumwita. Giza lilikuwa halijaingia bado tulipoacha kumsikia.

Watu huniuliza nilijifunza nini katika safari ile, na kama niliogopa. Niliogopa Kalundu, na Kamanyola pia, sikatai. Chumbani kwa baba sikuogopa. Hapo nilikuwa binti anayemsindikiza mzazi wake, na nilichojifunza ni kwamba msindikizaji hapandi, wala hamshiki msafiri nguo. Anasema neno lake, anasimama hadi mgeni atokomee, kisha anarudi nyumbani kupika.